Jeni Moja, Mifupa Isiyofanana: Seli Mundu katika Familia za Tabora

Na Mwandishi Wetu

Katika familia nyingi za mkoa wa Tabora yumo mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu, na katika baadhi yao wamo wawili au watatu. Wazazi wa watoto hao huona jambo linalowatatiza. Ndugu wawili wamezaliwa na mama mmoja na baba mmoja, cheti cha maabara kinasema neno lilelile kwa wote wawili, na bado maradhi hayawatendei sawa. Mmoja hulazwa mara kwa mara kwa upungufu wa damu, lakini anatembea wima. Mwingine damu yake si haba na hospitali haendi sana, ila akikaribia balehe huanza kuchechemea, na baada ya miaka michache hushika fimbo kama mzee.

Pale ambapo hakuna maelezo, maneno huwa mengi. Husemwa kuwa mama hakumlea vema huyu kama alivyomlea yule. Husemwa kuna jicho la husuda. Husemwa mtoto ni mvivu, anakwepa kutumwa kisimani. Maneno haya huwaumiza watu wasio na hatia, na mabaya zaidi ni kwamba huchelewesha matibabu ya kiungo ambacho kingeweza kuokolewa.

Maelezo yapo, nayo yamo katika urithi. Jeni inayoleta seli mundu ni moja, lakini haifanyi kazi peke yake. Ziko jeni nyingine ambazo kila mtoto huzipata kwa fungu lake kutoka kwa wazazi walewale, na hizo huchangia kuamua ni kiungo gani kitaumia na kwa ukali gani. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba urithi unaoipa damu nafuu unaweza kuwa uleule unaouponza mfupa.

Mundu ndani ya damu

Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za duara na laini, zinapinda na kunyooka zipitapo katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Ndani yake imo himoglobini, protini inayobeba hewa ya oksijeni. Kwa mgonjwa wa seli mundu, herufi moja tu ya maelekezo ya kutengeneza himoglobini imebadilika. Mabadiliko hayo madogo huifanya himoglobini ishikane na kuwa nyuzi ngumu kila inapoachia oksijeni, na chembe nzima hujikunja ikawa na umbo la mundu, ile zana ya kuvunia mpunga. Ndipo jina la Kiswahili lilipotoka.

Chembe hizo hukosa ulaini, hukwama katika mishipa midogo na hufa mapema. Chembe ya kawaida huishi kiasi cha siku 120. Ile ya mundu mara nyingi haivuki siku 20. Hapo ndipo panapotokea mambo mawili makuu ya maradhi haya: upungufu wa damu kwa kuwa chembe zinakufa upesi, na maumivu kwa kuwa mishipa inaziba.

Ugonjwa hurithiwa kwa pande zote mbili. Aliyerithi jeni ya mundu kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji: ni mzima, anafanya kazi zake, na mara nyingi hajui kuwa anayo. Aliyerithi kwa baba na kwa mama ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuwa ya mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 kuwa ya mbebaji, na 1 kati ya 4 kuwa ya mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kuzaa mtoto mgonjwa mara ya kwanza hakuwakingi watatu wanaofuata.

Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na hivyo nchi yetu imo miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Katika kanda ya kaskazini-magharibi, watafiti wa Hospitali ya Bugando ya Mwanza walipima zaidi ya matone 17,000 ya damu iliyokaushwa ya watoto wachanga. Waligundua kuwa takribani mtoto 1 kati ya 5 alikuwa mbebaji, na zaidi kidogo ya 1 katika kila 100 alikuwa mgonjwa. Katika darasa la watoto 50, hao ni wabebaji 10.

Kwa nini mfupa?

Watu wengi huudhani mfupa kuwa kitu kikavu kama jiwe. Mfupa ni kiungo hai chenye damu, na ndani yake umo uloto, kiwanda cha damu yenyewe. Mgonjwa wa seli mundu hupoteza chembe kwa kasi, kwa hiyo uloto wake hufanya kazi usiku na mchana ili kufidia. Huvimba na kuchukua nafasi zaidi ndani ya mfupa, ndiyo maana baadhi ya watoto huwa na paji la uso lililojitokeza na taya la juu lililosogea mbele. Damu ndani ya uloto huo uliosongamana huenda polepole, na oksijeni ni chache. Mazingira hayo hasa ndiyo yanayoifanya chembe ijikunje.

Madhara hujitokeza kwa sura tofauti kufuatana na umri. Kwa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 2 au 3, ishara ya kwanza aghalabu ni kuvimba kwa vidole, viganja na nyayo, pamoja na kilio kisichotulia. Mama hudhani mtoto ameumwa na mdudu au ameanguka. Kumbe mishipa ya vijifupa vidogo vya mikono na miguu imeziba.

Mtoto akikua, maumivu huhamia kwenye mifupa mirefu ya mapaja, miundi na mikono, na kwenye uti wa mgongo na mbavu. Haya ndiyo maumivu ambayo wagonjwa huyaeleza kuwa ni kama kupondwa kwa nyundo. Huweza kuja kwa baridi, kwa homa, kwa kiu, kwa uchovu, au bila sababu inayoonekana.

Kisha kuna madhara ya nyonga, ambayo ndiyo hufupisha mwendo wa mtu. Kichwa cha mfupa wa paja, ile sehemu ya mviringo inayokaa ndani ya tundu la nyonga, hulishwa na mishipa michache na myembamba. Ikizibwa, hakuna njia nyingine ya kupeleka damu. Sehemu ya mfupa hufa taratibu, na kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito wa mwili, hubonyea kama yai lililopasuka ganda. Kuanzia hapo kiungo hakirudi tena katika umbo lake, na kila hatua huwa ni msuguano wa mfupa kwa mfupa. Bega nalo hupatwa vivyo hivyo, ingawa kwa kuwa halibebi mwili, wengi huishi nalo bila kulemaa.

Katika uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1991, wagonjwa zaidi ya 2,500 walipigwa picha za nyonga, na takribani 1 kati ya 10 alionekana tayari ana kifo cha kichwa cha paja, upande mmoja au pande zote mbili. Wengine wao hawakuwa wamelalamika maumivu yoyote. Lakini madhara hayakugawanyika sawa kwa wote, na hapo ndipo habari ya urithi inapoingia.

Nasaba za jeni na njia ya misafara

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake Afrika Mashariki yaliyoonyesha kuwa wabebaji wa jeni ya mundu wana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa sababu hiyo jeni ilidumu na kuenea penye mbu wengi. Tabora ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi zaidi hadi leo, basi si ajabu kuwa jeni hiyo imeweka makao hapa. Waliokuwa nayo upande mmoja walinusurika na homa zilizowaua wenzao, wakaoa, wakazaa, wakairithisha.

Baadaye wanasayansi waligundua kuwa jeni ya mundu ina nasaba zake. Herufi za urithi zilizo jirani na jeni hiyo si sawa kwa watu wote. Ukizisoma, unaweza kujua jeni imetokana na tawi gani. Matawi makuu yamepewa majina ya mahali na ya watu: la Senegali, la Benin, la Kameruni, la Kibantu, na la Kiarabu na Kihindi. Wagonjwa wa Tanzania walio wengi wana tawi la Kibantu. Wale wa mashariki ya Saudi Arabia, katika maeneo ya Qatif na Al-Hasa, wana tawi la Kiarabu na Kihindi. Oman ina matawi matatu pamoja: la Kiarabu na Kihindi, la Benin, na hili la Kibantu ambalo wataalamu wanalihusisha na mafungamano ya karne nyingi kati ya Oman na Afrika Mashariki.

Msomaji wa Tabora hahitaji kuelezwa mafungamano hayo. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani wakiwa wameshajenga majumba ya tembe na kupanda bustani. Hapa ndipo njia kutoka Bagamoyo ilipogawanyika: moja ikielekea Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, moja ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine zikishuka kusini. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda Pwani kwa maelfu na kurudi. Wamanyema walikuja kutoka Kongo wakakaa. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Na wapo wengi ambao hawakusafiri kwa hiari yao, waliopitishwa katika njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa hadi Pwani, Unguja na ng'ambo ya bahari. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mchanganyiko huo uliongezeka.

Kila aliyepita alipita na urithi wake. Ndiyo maana familia moja ya Isevya au Gongoni yaweza kuwa na bibi wa Kinyamwezi, babu wa Kimanyema, na shemeji aliye Muscat. Katika familia ya namna hiyo watoto wawili wanaweza kurithi jeni ya mundu iliyo sawa, huku jeni nyingine walizonazo zikiwa zimetoka pande za mbali na kuwaangukia kwa mafungu tofauti.

Himoglobini ya tumboni

Jeni hizo nyingine ni zipi? Mbili zinajulikana vizuri kuliko zote.

Ya kwanza inahusu himoglobini ambayo kila mtoto huwa nayo akiwa tumboni mwa mama, inayoitwa himoglobini F. Hii haishikani na kuwa nyuzi. Mtoto mwenye seli mundu huzaliwa nayo kwa wingi, kwa hiyo miezi yake ya mwanzo huwa salama. Inapopungua na nafasi yake kuchukuliwa na himoglobini ya mundu, ndipo vidole huanza kuvimba. Lakini haipungui kwa kiwango sawa kwa watu wote. Kwa wagonjwa wenye tawi la Kibantu, inayobaki aghalabu huwa chini ya asilimia 10. Kwa wenye tawi la Kiarabu na Kihindi hufikia asilimia 20 na hata zaidi. Kadiri inavyobaki nyingi, ndivyo maumivu yanavyopungua na umri unavyorefuka.

Hata ndani ya tawi moja, ziko jeni zinazoishikilia himoglobini F au kuizima. Mwaka 2014 watafiti wa Muhimbili na washirika wao walichapisha uchunguzi wa urithi wote wa wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Tanzania, na wakathibitisha kuwa jeni iitwayo BCL11A, pamoja na eneo lingine lililo kati ya jeni HBS1L na MYB, hubadilisha kiwango cha himoglobini hiyo kwa Watanzania pia. Ndugu wawili wanaweza kurithi sura tofauti za jeni hizo, na hapo nafuu zao zikatofautiana tangu utotoni.

Damu nzuri, nyonga mbaya

Ya pili inahusu sehemu nyingine ya himoglobini, iitwayo alfa. Kwa kawaida mtu ana jeni 4 za alfa, 2 kutoka kwa kila mzazi. Katika Afrika Mashariki ni kawaida sana mtu kukosa 1 au 2 kati ya hizo. Hali hiyo huitwa thalasemia ya alfa, nayo pia ilienea kwa sababu ya malaria. Kwa mtu asiye na seli mundu, haileti ugonjwa wa maana.

Mgonjwa wa seli mundu akiwa nayo, hubadilika mambo. Kila chembe yake hubeba himoglobini pungufu kidogo, kwa hiyo nyuzi hazishikani kwa urahisi na chembe huishi muda mrefu zaidi. Upungufu wa damu hupoa. Vidonda vya miguu hupungua, na hatari ya kiharusi hupungua pia. Ukitazama cheti cha damu tu, utasema huyu amepata heri.

Lakini chembe zikiwa nyingi zaidi, damu huwa nzito zaidi. Damu nzito hupita kwa shida katika mishipa myembamba ya kichwa cha paja. Katika uchunguzi ule wa Marekani, waliokuwa na seli mundu pamoja na thalasemia ya alfa ndio walioonekana kuwa na kifo cha nyonga kwa wingi zaidi. Mashariki ya Saudi Arabia nako, ambako himoglobini F ni nyingi na ugonjwa ulidhaniwa kuwa mwepesi, madaktari wamekuta kuwa nyonga za wagonjwa wengi hazikusalimika.

Sasa turejee kwa ndugu wawili tulioanza nao. Yule wa kwanza, anayelazwa kwa kuishiwa damu, huenda ana jeni zote 4 za alfa. Yule wa pili, ambaye damu yake haishuki sana, huenda amekosa 2. Hakuna aliyelelewa vibaya, wala hakuna mvivu. Wamegawiwa mafungu tofauti ya urithi wa wazazi walewale, na kila fungu lina faida yake na gharama yake. Urithi huu haumalizi maelezo yote, kwa kuwa chakula, malaria, maji na matibabu navyo vina sehemu yao. Lakini unatosha kutufundisha kuwa nafuu ya mahali pamoja si ahadi ya nafuu kila mahali.

Seli mundu si peke yake katika jambo hili. Uko ugonjwa wa kurithi wa kimetaboliki uitwao Gaucher, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1882. Wenye ugonjwa huo hukosa kimeng'enya cha kusaga aina fulani ya mafuta, mafuta hayo hujazana katika wengu na uloto, na kichwa cha paja hufa vilevile kwa kukosa damu. Nako madaktari wameona ndugu wenye mabadiliko yaleyale ya jeni, mmoja akiwa na mifupa iliyovunjika na mwingine akizeeka bila maumivu. Walijifunza kutomhukumu mgonjwa kwa jeni moja, bali kumpima kila mtu mifupa yake.

Mambo ya kuangalia nyumbani

Kwa mzazi au mlezi, faida ya elimu hii ni kujua kuwa kila mtoto mwenye seli mundu anastahili kuangaliwa nyonga zake, hata kama damu yake ni nzuri. Hasa, pengine, kama damu yake ni nzuri.

Maumivu ya nyonga hayajitangazi kwenye nyonga kila mara. Mara nyingi mtoto hushika kinena, au hulalamikia goti. Goti hupakwa dawa, hufungwa kitambaa, hukandwa, nalo ni zima. Tatizo liko juu yake. Mtoto anayechechemea kwa zaidi ya siku chache, asiyeweza kukaa mkao wa kukunja miguu mkekani kama wenzake, au anayeumia mguu unapozungushwa kwa ndani, apelekwe akapimwe nyonga. Vijana wengi hugundulika kwanza kwa kushindwa kukaa baina ya sijda mbili. Asikaripiwe kijana huyo kuwa anaharakisha swala. Mgonjwa ana rukhsa ya kuswali ameketi, na kiti msikitini si aibu.

Picha ya eksirei ya kawaida huonyesha nyonga iliyokwisha kubonyea, lakini mwanzoni mwa ugonjwa yaweza kuonekana safi. Kipimo cha MRI, kinachopatikana katika hospitali kubwa za kanda, huona mapema zaidi. Kwa hiyo picha safi isimalize shauri ikiwa mtoto bado anachechemea.

Homa ni jambo jingine. Mfupa unaouma pamoja na homa kali, uvimbe na joto mahali pamoja unaweza kuwa na usaha ndani. Watoto wa seli mundu hushambuliwa kwa urahisi na vimelea vya salmonela, ambavyo hutoka tumboni na kuingia mifupani. Hapo haifai kungoja asubuhi wala kuchua kwa mafuta. Kuchanja sehemu iliyovimba kwa wembe huongeza njia ya vimelea kuingia.

Maji ni dawa ya kila siku. Damu nzito huwa nzito zaidi kwa kiu, na Tabora ya mwezi wa Septemba na Oktoba ni joto na vumbi. Suala la kufunga Ramadhani lizungumzwe mapema na daktari na kisha na sheikh, kwa kuwa sheria imeweka nafasi ya mgonjwa ambaye saumu itamdhuru. Kijana asiachwe aamue peke yake kwa kuona haya mbele ya wenzake.

Tiba iliyopo na iliyo mbali

Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete ndiyo mlango wa kwanza kwa walio wengi. Penisilini kwa watoto walio chini ya miaka 5, kinga ya malaria, vidonge vya foliki na chanjo ni mambo ambayo hayahitaji safari ya mbali.

Dawa iliyoleta mabadiliko makubwa zaidi ni haidroksiyurea, kidonge kinachouamsha mwili utengeneze tena himoglobini F. Kwa namna fulani humpa mgonjwa kile ambacho wengine wamekirithi. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto zaidi ya 600, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Bugando nao wameitumia katika utafiti wa kuwakinga watoto wa kanda hii na kiharusi. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara na isitumiwe kwa kuazimana. Na kwa kuwa nyonga iliyokwisha kubonyea hairudi kwa kidonge, ni bora ianzwe mapema.

Nyonga ikigundulika mapema, daktari humpunguzia mgonjwa uzito kwa magongo na mazoezi maalumu, na katika baadhi ya hali hutoboa mfupa kupunguza msukumo ndani yake. Ikishaharibika kabisa, hubadilishwa kwa kiungo bandia, upasuaji unaofanywa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kiungo hicho nacho huchakaa, jambo linalomfanya daktari afikiri mara mbili kwa kijana wa miaka 18.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye seli mundu, tiba inayoweza kuuondoa ugonjwa kabisa iwapo ndugu anayefanana naye kwa vinasaba atapatikana. Mwaka huohuo Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni, inayoigusa BCL11A ileile waliyoichunguza watafiti wa Muhimbili. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wetu wamechangia maarifa hayo kwa damu yao, na ni haki kuuliza yatafika lini Urambo na Sikonge.

Kabla ya nikahi

Saudi Arabia na Bahrain zote zilifanya kipimo cha damu kabla ya ndoa kuwa sharti kuanzia mwaka 2004. Nchini Saudi Arabia wachumba wanaokutwa wote ni wabebaji hawazuiwi kuoana. Hupewa elimu, kisha huamua wenyewe. Hapa kwetu si sharti, lakini hakuna kinachozuia familia kuliuliza.

Ndoa za mtoto wa ami au wa khali zina nafasi yake katika desturi zetu, na dini haikuziharamisha. Lakini watu wa ukoo mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba jeni moja, basi kipimo kwao ni muhimu zaidi. Ni kipimo cha mara moja katika maisha. Mashekhe wanaofungisha nikahi na mashangazi wanaopeleka posa wana nafasi ya kulisema jambo hili kwa upole kabla ya mahari kutajwa, wakati ambapo hakuna wa kuvunjiwa heshima. Cheti kisomwe kwa siri na wahusika tu. Kisigeuzwe kuwa sababu ya kumtangaza binti wa watu, kwa maana mbebaji si mgonjwa, na mtu 1 kati ya 5 miongoni mwetu yuko kama yeye.

Na kwa waliokwisha kuoana na kujaaliwa watoto wagonjwa, mama asibebeshwe peke yake. Ugonjwa huu haumfikii mtoto mpaka jeni itoke kwa baba na kwa mama, kila mmoja nusu yake. Baba anayemwacha mkewe kwa sababu hiyo akaoa kwingine bila kupima, anaweza kuyakuta yaleyale katika nyumba ya pili.

Kijana anayechechemea leo Nzega au Igunga huenda tayari ana mwaka mzima wa kuambiwa kuwa anajifanya. Mguu wake uchunguzwe wiki hii, na ndugu yake anayetembea vizuri naye achunguzwe pamoja naye.